Kidonge cha kulalia cha Nakivubo

*Amitriptilini huuzwa Kampala kama dawa ya usingizi, ya mgongo na ya kichwa. Ni dawa ya sonona. Imewaponya wengi, na ikitumiwa vibaya inaua. Haya ndiyo ambayo mnunuzi anastahili kuambiwa kabla hajaondoka kaunta.*

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KATI ya uwanja wa Nakivubo na soko la Owino, pale ambapo bodaboda, wachukuzi wa mabelo ya mitumba na akina mama wauza matunda hugombea njia moja, kuna duka la dawa lisilozidi upana wa mlango wa gereji. Jioni moja mwanamke muuza mitumba alisimama mbele ya kaunta yake akaomba kidonge cha kulalia. Hakutaja jina la dawa. Msichana wa duka, ambaye wateja wote humwita musawo, yaani daktari kwa Kiganda, hakumuuliza neno.

Aliteremsha kopo jeupe la plastiki la vidonge elfu moja, akamimina baadhi kwenye sahani ya kuhesabia, akavisukuma vitano vitano kwa kisu bapa hadi vikatimia ishirini. Akavitia kwenye kibahasha cha nailoni, akaandika juu yake kwa kalamu: 1x1 usiku. Mteja akalipa, akakifunga kibahasha kwenye ncha ya leso pamoja na chenji, akapotelea kwenye umati unaoelekea taksi paki.

Kopo lilikuwa limeandikwa Amitriptyline 25 mg. Kwenye kibahasha jina hilo halikuwepo.

Amitriptilini ni miongoni mwa dawa kongwe za sonona. Madaktari huitumia pia kwa dozi ndogo kutuliza maumivu ya neva, yale ya miguu kuwaka moto yanayowasumbua wenye kisukari na baadhi ya wanaoishi na VVU, na kuzuia kipandauso kisijirudie. Usingizi inaleta kweli, lakini huo ni mmoja wa maudhi yake. Mwanamke yule aliondoka na maudhi ya dawa akidhani ndiyo kazi yake.

Kinachomkosesha usingizi sikumuuliza. Kaunta ya Nakivubo, watu watano wakipumua mgongoni, si mahali pa swali hilo. Lakini sababu za kukesha hapa hazitafutwi mbali. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, liliungua Februari 2009, likaungua tena 2011, likaungua tena 2013. Mwaka 2020, wakati wa korona, akedi za katikati ya mji zilifungwa kwa miezi huku kodi na marejesho ya mikopo yakihesabiwa. Mvua kubwa zikinyesha, mfereji wa Nakivubo hufurika na kuingia madukani. Wengi wa wanaouza hapa mtaji wao ni mkopo, na mtu aliyepoteza mtaji wa mkopo hulala macho.

Kukesha kwa sababu ya deni si ugonjwa. Sonona ni pale huzuni, au hali ya kutofurahia tena chochote, inapokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikaambatana na uchovu, kukosa hamu ya chakula, kujilaumu, kushindwa kufikiri na kushindwa kazi. Hapa Uganda, kama kwingi Afrika Mashariki, mgonjwa haanzi kwa kusema ana huzuni. Husema kichwa kinawaka, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka, usingizi hauji. Hupimwa malaria, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, hupimwa presha, kisha huishia kwenye kopo jeupe.

Kinachotibu na kinacholaza

Kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku kinatosha kumlaza mtu mzima. Kwa sonona hicho ni kianzio tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa wahudumu wasio mabingwa unaagiza kuanza na miligramu 25 wakati wa kulala, kisha kuongeza 25 hadi 50 kila wiki mpaka kufikia miligramu 100 hadi 150 kwa siku, mgonjwa akiwa anaangaliwa.

Kwa hiyo anayemeza kidonge kimoja kimoja kwa miezi huenda analala, lakini asubuhi anaamka na sonona ileile. Baada ya muda anaishia kwenye moja kati ya mawili: ama anahitimisha kwamba amejaribu dawa na haikumsaidia, ama anaongeza mwenyewe, viwili, vitatu, bila mtu wa kumwangalia moyo. Nimewasikia watu wa aina zote mbili katika mitaa hii, na wote wana haki ya kukasirika, kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Jambo la pili wasiloelezwa ni muda. Usingizi huja usiku wa kwanza. Nafuu ya moyo huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na mara nyingi huhitaji wiki sita kukomaa. Vidonge ishirini vya kwenye leso, kimoja kwa usiku, vinaisha kabla ya wiki ya tatu kwisha.

> Usingizi huja usiku wa kwanza. Nafuu ya moyo huanza baada ya wiki mbili hadi nne.

Kutoka wodi ya kifua kikuu

Dawa za sonona zilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Miaka michache baadaye, huko Münsterlingen nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alijaribu imipramini kwa wagonjwa wake akaona wenye sonona nzito wakiinuka. Amitriptilini, ndugu yake wa karibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1961. Fluoksetini, iliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Prozac, ilifuata mwishoni mwa 1987.

Amitriptilini na fluoksetini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na zimo pia kwenye orodha ya Uganda. Zote mbili zilishamaliza muda wa hatimiliki zamani, ndiyo maana ni rahisi. Tofauti yao kubwa iko kwenye usalama. Fluoksetini ni vigumu zaidi kumuua mtu aliyemeza nyingi kwa mpigo. Amitriptilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kuleta degedege na kumwacha mtu amezirai ndani ya saa chache. Kati ya hizo mbili, iliyo rahisi zaidi kupatikana Nakivubo ndiyo iliyo hatari zaidi ikizidishwa.

Kinywa kikavu, choo kigumu, kichwa kizito

Maudhi ya amitriptilini yanajulikana vizuri, na mengi yanavumilika mtu akiwa ameandaliwa. Kinywa hukauka kama aliyefunga. Choo huwa kigumu. Macho hupata ukungu wakati wa kusoma kitu cha karibu. Uzito huongezeka kwa baadhi ya watu. Asubuhi kichwa huwa kizito, jambo ambalo kwa dereva wa taksi au kijana wa bodaboda si dogo hata kidogo. Mzee akiinuka kitandani ghafla, presha hushuka na anaweza kuanguka akavunjika nyonga.

Wapo wasiopaswa kuigusa bila daktari kuwaona: wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kupata kifafa, wenye tezi dume iliyovimba na mkojo unaokatika, wenye presha ya macho. Mzee wa miaka sabini anayenunua kidonge cha kulalia, kisha siku mbili baadaye akashindwa kabisa kukojoa, atapelekwa hospitali kwa shida ya kibofu na pengine hakuna atakayeuliza habari ya kibahasha.

Fluoksetini ina maudhi ya namna nyingine: kichefuchefu, kuumwa kichwa, wasiwasi na kutotulia siku za mwanzo, na usingizi kukatika. Ndiyo maana humezwa asubuhi. Halafu kuna lile ambalo wanaume na wanawake hulinyamazia: hamu ya tendo la ndoa hupungua, au kufika kileleni kunachelewa. Wengi huacha dawa kwa sababu hiyo bila kumwambia mtu, na mhudumu, naye kwa kuona haya, hakuwaonya. Kunyamaza huku kunagharimu ndoa na kunagharimu tiba. Mara nyingi dozi inaweza kurekebishwa au dawa ikabadilishwa, mradi jambo lisemwe.

Anayeanza dawa yoyote ya sonona akiwa kijana anahitaji jicho la karibu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizi kwa sababu ya ongezeko la mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalipanua onyo hilo hadi miaka 24. Onyo halikusema vijana wasitibiwe. Lilisema waangaliwe, hasa wiki za mwanzo.

Ikikutana na dawa ya malaria

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye duka Nakivubo alibandike ukutani, kwa sababu ni la hapa petu na vitabu vingi vya Ulaya hulipita haraka.

Mganda wa kawaida humeza dawa ya malaria mara nyingi maishani. Mwongozo wa WHO unaonya kwamba dawa za malaria, kwinini ikiwemo, zinaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini. Lumefantrini, iliyomo ndani ya Coartem na mseto wote wa jamii yake, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja amitriptilini, na watengenezaji wenyewe wanaagiza tahadhari. Mtu aliyekuwa anaivumilia dozi yake anaweza kujikuta katikati ya wiki ya homa na moyo unaokwenda kombo. Dawa ya malaria asiiache, malaria inaua. Anachotakiwa ni kumtajia mhudumu kwamba kuna dawa nyingine anayomeza usiku, na hilo linawezekana tu kama anajua jina lake.

Kisha kuna tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wa mizigo huimeza ili mgongo uhimili mabelo. Ikichanganywa na fluoksetini au amitriptilini huongeza uwezekano wa degedege, na inaweza kuzidisha mwilini serotonini, mojawapo ya kemikali za neva: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anahara, anapandwa na homa na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Fluoksetini pamoja na dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki au ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na maduka haya huuza dawa hizo za maumivu kutwa nzima. Waragi pamoja na amitriptilini humzamisha mtu kwenye usingizi ambao pumzi yake si ya kuaminika.

Wanaotumia dawa za VVU nao waseme. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya mseto wa daraja la pili, hupandisha kiwango cha amitriptilini. Na wapo wanaokosa usingizi kwa sababu ya dawa yenyewe ya VVU, dolutegraviri. Hao wakati mwingine huhitaji tu kuhamishia kidonge chao asubuhi.

> Mgonjwa hawezi kumtajia mhudumu dawa ambayo jina lake halijui.

Maswali mawili

Yapo maswali mawili ambayo hayachukui dakika tano na yanaokoa maisha.

La kwanza: je, umewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, ukawa hulali na wala huchoki, unatumia pesa ovyo, unaongea mfululizo mpaka watu wakashangaa? Anayejibu ndiyo huenda ana ugonjwa wa baipola. Akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa moja kwa moja kwenye kipindi kingine cha namna hiyo. Familia itasema amerogwa, au amepandwa na mapepo, kumbe kilichompandisha kilitoka dukani.

La pili: je, umefikia kuona heri ufe, au umefikiria kujiua? Wahudumu wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo. Uzoefu wa wataalamu unaonyesha kinyume: kuuliza kwa upole humpunguzia mtu mzigo. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake, na hapewi amitriptilini ya mwezi mzima. Mwongozo ni kumpa ya wiki moja au chini ya hapo, ikiwezekana ikae mikononi mwa ndugu anayemwamini. Wala nyumba yoyote yenye watoto haipaswi kuiacha mahali wanapofika, maana kwa mtoto mdogo vidonge vichache tu ni hatari. Aliyemeza nyingi akimbizwe hospitali papo hapo, hata kama anaongea vizuri, na kibahasha au kopo vibebwe.

Nani auze?

Kisheria jambo liko wazi. Sheria ya sera na mamlaka ya dawa ya mwaka 1993, iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, inaweka dawa katika makundi. Duka dogo la dawa linaruhusiwa zile za kundi C tu. Dawa za sonona ni za kuandikiwa, na mahali pake ni famasi iliyo chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Kopo jeupe nililoliona halikupaswa kuwepo kwenye rafu ile.

Wauzaji wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema wanaouliza dawa hii wengi walishaandikiwa mara moja hospitalini, wakapewa cheti chenye maandishi yale yasiyosomeka, nocte 1/12, yaani usiku kwa mwezi mmoja, na mwezi ulipoisha dawa ya serikali ikawa haipo. Wanasema wakikataa, mteja anavuka barabara na kuipata kwingine. Wanasema kumtuma mama wa soko hospitali ya Butabika, nje kidogo ya mji upande wa Luzira, ni kumwambia afunge kibanda siku nzima, alipe nauli ya kwenda na kurudi, na abebe jina ambalo majirani hawatamvua tena.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito. Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 na ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili. Ina vitanda 550 na kwa miaka imekuwa ikilaza wagonjwa wengi zaidi ya hapo. Kwa watu wengi wa Kampala jina lenyewe ni tusi la mtaani. Mwanamke mwenye sonona ya wastani, anayepika, anayeuza, anayelea, hajioni kuwa mtu wa Butabika, na kwa kweli hana haja ya kwenda huko.

Nikiwa Nakivubo niliweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha afya cha Kisenyi, kituo cha serikali cha ngazi ya nne. Kwa mpangilio wa wizara, ngazi hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa na muuguzi wa magonjwa ya akili. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 2018, iliyoondoa ile ya zama za ukoloni, inataka huduma hii ishuke hadi vituo vya msingi. Matabibu wa magonjwa ya akili wapo, wamesomea kazi hiyo, na wanaandika dawa hizi kila siku. Kinachowaangusha ni kuishiwa dawa. Bohari ya dawa ya taifa inapochelewa kuleta, mgonjwa aliyefanya kila kitu sawasawa anarudishwa mlangoni pa duka lilelile.

Mtazamo wangu ni kwamba kuwavamia wenye maduka na kufunga makufuli, huku rafu ya kituo ikiwa tupu, kutawaadhibu wagonjwa. NDA ianze na famasi: amitriptilini isitoke bila jina lake, dozi yake na maonyo yake kuandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma, Kiganda, Kiswahili au Kiingereza. Nakivubo ina Wakongo, Wasudani Kusini na Wasomali wengi ambao hawawezi kusoma kile kilichoandikwa ubavuni mwa kopo, hata wakipewa kopo zima.

Wanaosema kidonge si jibu

Kuna wanaoona kwamba mjadala wa vidonge umepotea njia tangu mwanzo. Baadhi ni viongozi wa dini na waganga wanaoamini kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu. Hao walishajibiwa zamani: mwaka 1979 watafiti John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona nyingi kuliko waliyoipima kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Wengine ni wanasayansi, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2008 Irving Kirsch na wenzake walionyesha kwamba kwa sonona isiyo nzito, tofauti kati ya dawa na kidonge kisicho na dawa ndani ni ndogo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Upande wa pili, mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walijumlisha majaribio 522 yenye washiriki 116,477, wakakuta dawa zote 21 walizozipima zinaishinda tiba bandia, na iliyoongoza kwa nguvu ilikuwa amitriptilini. Majaribio mengi ya aina hiyo hudumu wiki nane tu, na hilo ni pengo.

Ukizisoma tafiti hizi pamoja unapata picha inayoeleweka: kadiri sonona inavyokuwa nzito, ndivyo dawa inavyostahili. Kwa ile nyepesi WHO haishauri dawa iwe ya kwanza. Inashauri mazungumzo.

Na kwa mazungumzo, Uganda imefundisha dunia. Mwaka 2003 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililofanywa na Paul Bolton na wenzake katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa, wakazungumza juu ya misiba, ugomvi, maisha yaliyobadilika ghafla. Kabla ya vikundi, asilimia 86 walikuwa na sonona kamili. Baada yake walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 54.7 walikuwa bado nayo.

Daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza njia hiyo kwa wanaoishi na VVU kaskazini mwa nchi. Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 2020 katika Lancet Global Health, lilihusisha watu 1,140 katika vituo 30 vya afya, na vikundi viliongozwa na wahudumu wa kijamii wasio wauguzi. Pamoja na kuzungumza, wanakikundi walifunzwa namna ya kujipatia kipato. Miezi sita baadaye karibu wote waliopitia vikundi hawakuwa na sonona. Shirika la StrongMinds nalo limeendesha vikundi vya aina hii kwa wanawake wa Kampala kwa zaidi ya miaka kumi.

Soko la Owino lina vyama vya kuweka na kukopa karibu kila safu. Wanawake wa vyama hivyo hukutana kila wiki, wanajuana, wanajua nani kaunguliwa na nani kafiwa. Kuingiza kiongozi mmoja aliyefunzwa ndani ya chama kama hicho hakuhitaji jengo wala kopo. Anayeonekana hali yake ni nzito, asiyekula, asiyenyanyuka, anayetamani kufa, apelekwe Kisenyi siku hiyohiyo aandikiwe dawa. Mazungumzo na kidonge vinaweza kwenda pamoja, na kwa sonona nzito ndivyo inavyofaa.

Kuacha

Dawa hizi hazimfanyi mtu azitamani kama pombe. Lakini mwili huzizoea, na kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha, hasira na hisia ya shoti ya umeme kichwani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 katika Lancet Psychiatry ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita au saba hupata dalili zinazotokana na kuacha dawa yenyewe. Wengi hudhani ni ugonjwa umerudi. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu, kwa wiki, hivyo kuiacha ni rahisi zaidi. Amitriptilini inahitaji kupunguzwa kwa hatua, wiki nne au zaidi, kwa mpango wa aliyeiandika.

Anayejisikia amepona asiishie hapo. WHO inashauri kuendelea na dozi ileile mpaka dalili ziwe zimetulia kwa miezi 9 hadi 12. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, la watu waliokuwa wametumia dawa kwa miezi tisa au zaidi na kujisikia vizuri, lilikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 56 ya walioachishwa sonona iliwarudia, dhidi ya asilimia 39 ya walioendelea. Ukiisoma takwimu hiyo kwa jicho la pili utaona kwamba zaidi ya wanne kati ya kumi waliacha salama. Kuacha kunawezekana, kwa mpango.

Mjamzito na anayenyonyesha wasiache wala wasianze kwa kuamua wenyewe. Sonona isiyotibiwa humdhuru mama na mtoto pia, na kwa anayenyonyesha mhudumu huchagua dawa kwa uangalifu. Fluoksetini, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, huepukwa ikiwezekana.

Mwenye vidonge vya serikali ahesabu vilivyobaki na arudi kituoni wiki moja kabla havijaisha, ili ikitokea bohari haijaleta, kuwe na muda wa kutafuta kwingine kwa cheti halali. Mwenye vya kununua bila cheti, akiwa amevitumia kwa wiki kadhaa, asivitupe leo kwa hofu ya makala hii. Avibebe kama vilivyo, aende navyo Kisenyi au kituo kilicho karibu naye, aseme tangu lini anatumia, vingapi kwa usiku, na dawa gani nyingine anameza.

Kama mtumiaji amepatwa na jambo lisilo la kawaida baada ya kuanza dawa, NDA hupokea taarifa za madhara kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa madaktari peke yao. Taarifa hiyo inahitaji jina la dawa. Kama kibahasha hakina jina, mnunuzi ana haki ya kurudi dukani na kalamu yake.